Kirusi kimetangazwa, shughuli imesimama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi si daktari. Ni mweka hazina wa kamati: harusi, sendofu, vipaimara, na misiba kadhaa ya ukoo. Nimeshika madaftari ya michango tangu enzi za bahasha. Tangu Machi 2020, kila redio ikitaja kirusi kipya simu yangu hailali. Ilikuwa hivyo kwa korona, ikawa hivyo kwa Marburg ya Kagera mwaka 2023, kwa mpox mwaka 2024 na kwa Ebola ya Kampala mwanzoni mwa 2025. Maswali ni yale yale, na wakati mwingine hata wapigaji ni wale wale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayotoa, baada ya kuwasumbua sana ndugu zangu wanaofanya kazi hospitalini.

Wametangaza kirusi na harusi yetu ni Jumamosi ijayo. Tufute?

Usijibu bado. Uliza kwanza kinaambukizwa vipi.

Kirusi kinachopita hewani, kama cha korona au cha mafua makali, kinapenda ukumbi uliofungwa madirisha, kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile, watu 300 wanapiga vigelegele. Tena mwenye korona huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla hajajisikia vibaya. Anacheza, ananukia marashi, mzima kabisa machoni pa watu. Huyo humzuii mlangoni kwa kumpima joto.

Ebola na Marburg zina tabia nyingine. Kirusi kiko kwenye damu, matapishi, choo na majimaji mengine ya mwili, na mtu haambukizi kabla dalili hazijaanza. Zikishakolea, mgonjwa yuko kitandani, hayuko kwenye foleni ya pilau. Wanaoumia ni wanaomuuguza na wanaomwosha akifariki. Ndiyo maana Rwanda ilipopata Marburg, Septemba 2024, wengi wa wagonjwa wake 66 walikuwa wahudumu wa afya.

Mpox ni ngozi kwa ngozi: kukumbatiana, kulala pamoja, kutumia shuka moja. Dengue, iliyotutesa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, inaletwa na mbu anayeuma mchana. Ukifuta harusi kwa sababu ya dengue, mbu hana habari. Kamwage maji yaliyotuama kwenye matairi nyuma ya nyumba, halafu endelea na kamati yako.

Mbona soko liko wazi na mpira umefungwa? Si watu ni wale wale?

Swali hili liliulizwa kila kijiwe mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, msafiri aliyeshukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule kwa siku 30, akasimamisha ligi, matamasha, semina na mikutano ya hadhara. Masoko, daladala na nyumba za ibada zikaachwa.

Jibu la kitaalamu ni kwamba sokoni mtu anapita, hewa iko wazi, na anatoka baada ya nusu saa. Kwenye ukumbi mnakaa saa sita mkipumuliana. Jibu la kweli zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba bila soko watu hawali, ila bila Simba na Yanga wanaishi, kwa shida. Daladala ya saa kumi na mbili jioni haikuwa salama kuliko jukwaa la uwanja, na sidhani kuna aliyedhani ni salama. Ulikuwa uamuzi wa tumbo, na tumbo nalo lina haki yake.

Majirani walipima kwa vipimo vingine. Kenya iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na mazishi yakabanwa yasizidi watu 15. Uganda ilipiga marufuku mikusanyiko tarehe 18 Machi, kabla hata haijapata mgonjwa wake wa kwanza, ikaruhusu harusi za watu wasiozidi 10. Waganda wakazipa jina: harusi za kisayansi. Baadhi ya maharusi, nasikia, walifurahi kimyakimya, maana hawakulazimika kulisha ukoo mzima. Shule zao hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Huku kwetu ligi ilirudi tarehe 13 Juni 2020 na shule zote zikawa zimefunguliwa mwisho wa mwezi huo.

Kwaya nayo? Wanaimba tu.

Kuimba ndiko kwenyewe. Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ya mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington huko Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61. Mmoja alikuwa na mafua mafua. Baadaye 52 wakahesabiwa kuwa wameambukizwa, wawili wakafariki. Walikuwa wamejihadhari, kwa jinsi watu walivyojua wakati ule: vitakasa mikono vilikuwepo, hawakukumbatiana. Lakini mwimbaji huvuta pumzi hadi tumboni na kuisukuma yote nje, na mwenzake aliye mbele anaivuta.

Kwa kirusi cha hewa, basi, kwaya iimbe nje chini ya mwembe, au ipumzike. Hali kadhalika kasida kwenye chumba kidogo, na MC anayepokezana kipaza sauti kimoja na wajomba wanane.

Tumefiwa. Harusi unaweza kuiahirisha, msiba je?

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo watu wanapopotelea.

Kwa korona, maiti haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa waombolezaji: turubai moja, watu wamebanana kwenye mkeka, siku tatu mfululizo. Suluhisho lilikuwa kupunguza watu na kufupisha matanga. Iliuma, lakini iliwezekana.

Kwa Ebola na Marburg mambo yanageuka. Mtu anapofariki kwa magonjwa haya mwili wake unakuwa umejaa kirusi kuliko wakati wowote, na mila zetu zinatutaka tumguse wakati huo huo: kumwosha, kumvalisha, kumbusu, kulala naye chumba kimoja usiku wa mwisho. Mwaka 2014 huko Sierra Leone mganga wa jadi aliyewatibu wagonjwa wa Ebola alifariki, watu wakamiminika kumzika kwa heshima zote. Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba huenda vifo hadi 365 vilitokana na mazishi hayo. Mlipuko mzima wa Afrika Magharibi ulipita wagonjwa 28,000 na vifo 11,000.

Kwa hiyo wakija watu waliovaa magauni meupe ya kujikinga na kusema mwili unazikwa na timu yao, usibishane. Ila unayo haki ya kuomba mambo, na timu nzuri huyakubali: ndugu wachache wasimame kwa umbali waone kaburi likifukiwa, sheikh au padri aombe akiwa pale pale, jina liandikwe kaburini, nguo aliyoipenda marehemu iwekwe kwenye mfuko na timu yenyewe. Kwa Waislamu, maulamaa wengi wamekubali tayamamu, yaani kutumia udongo safi badala ya maji, au kuacha josho kabisa, pale kuosha kunapohatarisha walio hai. Swala ya jeneza inaswaliwa kwa mbali.

Mila haikufa kwa hilo. Arobaini ipo. Hitma ipo, misa ya shukrani ipo. Zile siku za kulia pamoja zinasogezwa mbele, kirusi kikishaondoka, na nimeona zikifanywa vizuri kuliko msiba wenyewe, kwa sababu watu walikuwa wamejipanga.

Tusubiri mpaka lini? Wengine wanasema siku 14, wengine 21, na safari hii tumesikia 42.

Kila namba ina maana yake. Siku 14 zilikuwa za karantini ya korona. Siku 21 ni muda mrefu kabisa ambao mtu aliyeambukizwa Ebola au Marburg anaweza kukaa kabla hajaugua. Siku 42 ni 21 mara mbili, na hesabu huanza baada ya mgonjwa wa mwisho kupimwa mara ya pili akaonekana hana kirusi, au kuzikwa kwa usalama. Zikiisha bila mgonjwa mpya, mlipuko unatangazwa umekwisha.

Marburg ya Bukoba Vijijini ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023, ikafungwa tarehe 2 Juni: wagonjwa 9, vifo 6. Ebola ya Uganda iliyoanzia Mubende ilitangazwa tarehe 20 Septemba 2022, ikafungwa tarehe 11 Januari 2023. Ukipanga tarehe mpya, basi, weka miezi miwili na nusu hadi minne. Aliyekwambia wiki mbili anakufariji.

Kuahirisha na kufuta, tofauti iko wapi?

Iko mfukoni. Ukiahirisha, mkataba unaendelea na pesa yako inakusubiri. Ukitamka "tumefuta" mbele ya mwenye ukumbi, umemfungulia mlango wa kukwambia umeuvunja mkataba mwenyewe. Nawaambia kamati zangu neno hilo lisitamkwe hata kwenye kundi la WhatsApp. Sema tarehe imesogezwa.

Mwenye ukumbi kagoma kurudisha advansi. Anasema mkataba umeandika hairudishwi.

Haya yalinikuta. Harusi ya mpwa wangu ilikuwa tarehe 18 Aprili 2020. Ukumbi tulikuwa tumelipa milioni moja na nusu, risiti ninayo hadi leo. Baada ya tangazo la Machi nilimfuata mwenye ukumbi, akanionyesha mstari wa mwisho wa mkataba, maandishi madogo kama sisimizi. Nikarudi nyumbani. Siku ya pili nikaenda na mzee mmoja wa kamati aliyewahi kuwa karani wa mahakama, tukiwa na nakala ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 56 kinasema mkataba wa jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani, au limekatazwa na sheria, unakuwa batili. Kifungu cha 65 kinasema aliyepokea kitu chini ya mkataba uliobatilika akirudishe au afidie.

Hatukwenda mahakamani. Tulizungumza. Yeye naye alikuwa amelipa walinzi, kumbi zote ziko tupu, watoto wake wako nyumbani. Tukakubaliana tarehe mpya, 29 Agosti, bei ile ile, na yeye aongeze feni nne. Tuliandika, tukatia sahihi, nikaipiga picha karatasi. Feni zilikuja mbili.

Angalia jambo moja: kifungu kinakusaidia pale serikali ilipokataza shughuli. Kama hakuna katazo na ninyi wenyewe mmeogopa, msimamo wenu ni dhaifu. Hapo tegemeeni lugha nzuri. Na kama kiasi ni kikubwa, ona wakili, usinitegemee mimi.

Kwa mikataba mipya, ingizeni sentensi moja tu: mamlaka ikizuia mikusanyiko, tarehe itasogezwa bila gharama ya ziada. Mpishi, mpambaji na mpiga picha nao watie sahihi kwenye sentensi hiyo hiyo.

Na michango ya watu?

Pesa ya mchango si ya bwana harusi wala si ya mweka hazina mpaka shughuli ifanyike. Ndani ya siku tatu tangu tarehe isogezwe, tuma hesabu: tumekusanya kiasi hiki, tumelipa hapa na hapa, kilichobaki kiko kwenye akaunti. Anayetaka chake arudishiwe bila kuulizwa sababu. Mwaka 2020 waliodai walikuwa sita kati ya 112, na wanne wao walikuwa wamefungiwa kazi za hoteli. Nilirudisha siku ile ile. Usiwaseme vibaya watu hao, mchango ule ndio waliokuwa wanautegemea kwa chakula.

Kuna kamati ziliwaza kuiga serikali. Rais Magufuli alisimamisha Mwenge wa Uhuru mwaka ule na kuagiza fedha zake ziende wizara ya afya. Wazo zuri, lakini zile zilikuwa fedha za umma. Za kwenu muulizeni kila aliyechanga kwanza.

Shangazi anatoka wilaya yenye ugonjwa. Tumwambie asije?

Muulize kama alimuuguza mgonjwa, alihudhuria mazishi ya mtu aliyeugua, au ametakiwa na wahudumu wa afya asisafiri. Kama hapana kwa yote, na hana homa, aje. Wilaya haiambukizi. Mwaka 2023 ugonjwa ulikuwa kwenye kata mbili za Bukoba Vijijini, lakini hapa Dar nilisikia mtu akigoma kununua ndizi kwa sababu zimetoka Bukoba. Ndizi!

Kama jibu ni ndiyo kwa moja kati ya hayo, mwambie kwa upendo akae siku zake 21. Mpigieni simu ya video wakati wa kukata keki. Na msimseme kwenye kundi.

Nimetumiwa ujumbe kwamba mikusanyiko yote imepigwa marufuku. Nitajuaje ni kweli?

Tafuta jina la aliyetamka, tarehe na maneno yake. Tangazo la kweli lina waziri, mkuu wa mkoa au mganga mkuu anayeonekana akisema. Mamlaka hayo yako kwenye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Tanzania piga 199, ni bure. Kenya ni 719.

Lakini nitasema jambo ambalo wengine hawapendi: mara nyingine taarifa rasmi nayo huchelewa. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna washukiwa wa Marburg Kagera. Wizara ikajibu kwamba sampuli zote zimeonekana hazina kirusi. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha mgonjwa mmoja wilayani Biharamulo. Mlipuko ulipofungwa mwezi Machi, hesabu ilikuwa watu 10, wote wamefariki. Kwa siku zile sita kati ya tangazo na uthibitisho, mwenye busara alinawa mikono na kuacha kugusa wagonjwa, bila kusubiri nani ameshinda mabishano.

Na si kila kinachoahirishwa kimeahirishwa kwa ajili ya kirusi. CHAN, mashindano ya soka ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, iliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, ilitolewa Februari 2025 ikapelekwa Agosti, watu wakaanza kunong'ona mpox. Sababu ilikuwa viwanja.

Mashindano makubwa huamuliwaje? Nani anathubutu kusema hapana?

Kisa ninachokipenda ni cha AFCON 2015, Kombe la Mataifa ya Afrika. Morocco ilikuwa mwenyeji, ikaogopa Ebola ya Afrika Magharibi, ikaomba mashindano yasogezwe. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikakataa, ikaivua uenyeji, na Guinea ya Ikweta ikayapokea zikiwa zimebaki wiki chache. Yakachezwa kuanzia tarehe 17 Januari, Ivory Coast wakabeba kombe. Kichekesho ni kwamba miezi hiyo hiyo Guinea ya Konakry, yenye wagonjwa wa Ebola, ilikuwa inachezea mechi zake za "nyumbani" Casablanca, na Desemba Morocco ikaandaa Kombe la Dunia la Klabu.

Nani alikuwa sahihi? Kwa jinsi Ebola inavyoambukiza, naona CAF. Miaka mitano baadaye kilikuja kirusi cha hewa, na hapo hapakuwa na ubishi: Olimpiki ya Tokyo ikasogezwa hadi Julai 2021, Safari Rally ya Kenya ikafutwa ikarudi Juni 2021, na Hija ya 2020 ikawa ya mahujaji kama 1,000 tu waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia.

Nyungu na tangawizi tukiwapa wageni mlangoni, inatosha?

Haitoshi. Mvuke hauui kirusi kilichokwisha kuingia mwilini, na nimemwona kijana aliyeungua kifua kwa sufuria ya nyungu. Chai ya tangawizi ni tamu, wape.

Tumeruhusiwa kuendelea. Siku yenyewe tufanyeje?

Hamisha shughuli nje. Turubai bila kuta ni bora kuliko ukumbi wa kifahari. Weka ndoo ya maji tiririka na sabuni mlangoni, na mtu wa kuijaza, maana ndoo tupu nimeiona kwenye kila shughuli kuanzia saa tatu usiku. Chakula apakue mtu mmoja, kijiko kisizunguke mikono 200. Sinia za kula pamoja zisubiri mwakani. Pongezi za kushikana mikono ziwe za kupunga au za miguu, kama Magufuli na Maalim Seif walivyogusanisha viatu Ikulu, Machi 2020. Bibi harusi wangu mmoja alifurahia sana hilo, kwa kuwa viatu vyake ndivyo vilivyokuwa ghali kuliko gauni.

Na andika majina na namba za simu za wote waliofika. Mgonjwa akionekana baadaye, daftari hilo ndilo litakalowasaidia wahudumu wa afya kuwatafuta watu kwa saa chache badala ya wiki. Daftari la michango linafaa, tayari lina kila kitu.

Kadi zimeshachapishwa na tarehe ya zamani. Tuchape upya?

Hapana. Tumeni ujumbe. Kwa wazee wasiosoma ujumbe, kata tarehe kwa kalamu, andika mpya juu yake, peleka mwenyewe, na ubaki umesimama nje ya mlango unapoongea nao.

Keki ilishaokwa.

Kuleni.